GARI-NYUMBA LA ALUMINI: MATENGENEZO KWANZA, MNG'AO BAADAYE

Na Mkaguzi wa Vyama



Nyuma ya ghala la chama kimoja cha msingi, upande wa pwani, palikuwa na gari kuukuu lililoegeshwa chini ya mwembe kwa miaka mingi. Lilikuwa gari-nyumba: lori dogo lililojengewa juu yake chumba cha mabati ya alumini, na ndani mna vitanda viwili vya kukunja, meza ya kuandikia, kabati la vitabu vya hesabu, jiko la gesi na tangi la maji. Zamani lilitumiwa na watumishi waliozunguka vijijini kutoa elimu ya ushirika, nao walilala humo humo. Halmashauri ya chama iliamua kulifufua ili litumike katika msimu wa ununuzi, kwa sababu vituo viwili vya chama vipo mbali na makarani walikuwa wakilala juu ya magunia.

Fundi aliitwa, akalisugua gari kwa muda wa wiki tatu. Siku ya mkutano mkuu liliwekwa mbele ya ghala, likang'aa hata mtu angaliweza kunyoa ndevu kwa kujitazama ubavuni mwake. Wanachama walipiga makofi. Mimi nilikuwapo. Nililizunguka mara moja, nikaona mchangani, chini ya kona ya nyuma, unga mweupe umemwagika. Nilidhani ni chokaa. Nikaandika katika taarifa yangu: "Gari li katika hali nzuri."

Mvua zilipoanza, katika safari yake ya tatu, sehemu ya nyuma ya sakafu iliachana na chasisi. Tangi la maji lilianguka barabarani, kabati likapasuka, na vitabu vya stakabadhi vikalowa matope. Hakuna aliyeumia. Lakini wakulima walingoja malipo yao wiki sita zaidi, huku Katibu akiandika hesabu upya kutokana na nakala zilizobaki mikononi mwa wakulima wenyewe. Na ule unga mweupe haukuwa chokaa. Ilikuwa alumini yenyewe, imekwisha kuliwa.

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Makala haya yanaeleza jinsi gari la namna hiyo linavyotengenezwa kwa utaratibu ulio sawa, ili chama kingine kisilipie mng'ao kabla ya kulipia uzima.

ALUMINI NI METALI YA NAMNA GANI?

Alumini haichimbwi ardhini ikiwa safi. Hutolewa katika udongo wake kwa nguvu nyingi za umeme. Njia ya kufanya hivyo iligunduliwa mwaka 1886 na watu wawili, kila mmoja kwa upande wake: Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa. Sifa yake kubwa ni wepesi. Kipande chenye ujazo wa sentimita moja kila upande kina uzito wa gramu 2.7, hali kipande kama hicho cha chuma kina uzito wa karibu gramu 7.8. Ndiyo maana metali hii ilipendwa na waunda ndege, na baada yao waunda magari.

Watu husema kwamba alumini haishiki kutu. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Mara tu alumini inapokutana na hewa, hujivika utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando huo huizuia hewa isiendelee kuila. Ukiukwaruza, mwingine huumbika papo hapo. Kutu ya chuma haina tabia hiyo: hubanduka na kuacha chuma kipya wazi, nacho huliwa tena.

Hata hivyo utando huo una adui zake, na mama zetu wanawajua bila ya kusoma vitabu. Sufuria iliyopikiwa ndimu au ukwaju hutoka nyeupe, na iliyochemshiwa maji ya magadi hutoka nyeusi. Vitu vikali kama magadi, maji ya majivu, saruji mbichi na kostiki soda huuvunja utando na kuila metali iliyo chini yake. Chumvi nayo huutoboa, na hewa ya pwani imejaa chumvi. Kwa hiyo gari la alumini halisafishwi kwa kostiki soda, wala halibebeshwi mifuko ya saruji iliyopasuka.

Sifa ya tatu ni kutanuka. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili zaidi ya chuma. Chukua bati la alumini lenye urefu wa mita 4 lililofungwa juu ya fremu ya chuma. Joto likipanda kwa nyuzi 40 za Selsiasi, kama inavyotokea kwa gari linalotoka katika baridi ya alfajiri na kuingia katika jua la saa nane, bati hutaka kurefuka kwa karibu milimita 3.7, na fremu kwa karibu milimita 2. Tofauti hiyo hurudia kila siku ya Mungu. Ndiyo inayolegeza ribiti na kupasua dawa ya kuzibia iliyokauka na kuwa ngumu.

MAGARI HAYA YALITOKA WAPI?

Yafaa kujua asili ya magari haya, kwa kuwa namna yalivyoundwa ndiyo inayotuambia mahali yanapoharibikia.

Nchini Marekani mwaka 1934, Hawley Bowlus, mtu aliyezoea kuunda ndege zisizo na injini, aliunda nyumba ya kukokotwa na gari kwa mabati ya alumini yaliyofungwa kwa ribiti kama ubavu wa ndege. Mwaka 1936 Wally Byam, mwenye kampuni ya Airstream, alitoa nyumba yake ya namna hiyo iliyoitwa Clipper. Nyumba hizo hazikupakwa rangi. Fahari yake ilikuwa mng'ao wa metali yenyewe. Mwaka 1979 kampuni hiyo ilianza kutoa gari-nyumba la alumini lenye injini yake.

Bara letu nalo liliziona. Mwaka 1959 msafara wa nyumba 41 za kukokotwa, ukiongozwa na Byam, uliondoka Cape Town, ukapita Kenya na Ethiopia, ukafika Cairo mwaka 1960. Barabara za siku hizo zilikuwa za udongo na mawe, na mtu anaweza kuwaza jinsi kila ribiti ilivyojaribiwa.

Uingereza ilikuwa na njia yake. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza, basi bodi ya gari hilo ikaundwa kwa mchanganyiko wa alumini na magnesi, na chasisi ikabaki ya chuma. Katika miaka ya 1960 kiwanda cha Martin Walter, kilichokuwa Folkestone, kiligeuza baadhi ya magari hayo kuwa Dormobile, yaani gari-nyumba lenye paa la kuinuliwa na vitanda ndani. Mtu yeyote aliyewahi kutengeneza Land Rover ya zamani anajua kwamba bodi yake huweza kudumu hali chasisi imeoza, na kwamba hata bodi yenyewe huliwa pale inapogusana na chuma.

MAHALI ALUMINI INAPOKUTANA NA CHUMA

Hapa ndipo penye kiini cha jambo hili. Metali mbili za namna tofauti zikigusana, na katikati yao pakawa na maji, hasa maji ya chumvi, hugeuka kuwa betri. Tazama betri ya kawaida ya tochi: kopo lake la zinki huliwa kidogo kidogo kadiri umeme unavyotoka, mpaka linatoboka na kuvuja. Vivyo hivyo alumini ikigusana na chuma, alumini ndiyo inayoliwa. Ikigusana na shaba huliwa kwa kasi zaidi.

Sasa fikiri juu ya gari-nyumba. Bati la alumini limefungwa kwa bolti za chuma juu ya boriti ya chuma. Katikati yake umejaa mchanga na matope yanayoshika unyevu. Maji ya mvua hupenya katika maungio yaliyopasuka, hushuka ndani ya ukuta asipoyaona mtu, hukusanyika chini ukingoni mwa sakafu, huozesha plaiwudi, na kuendesha ile betri usiku na mchana. Nje bati hung'aa. Ndani hugeuka unga mweupe. Ndiyo sababu sehemu za kukaguliwa kwanza ni za chini na za nyuma.

HATUA ZA KAZI

Kwanza, usalama wa gari lenyewe. Breki, usukani, taa na tairi hutangulia mambo yote. Tairi iliyokaa miaka mingi chini ya mti huonekana nzima hali imezeeka. Ubavuni mwake zipo tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi iliyoandikwa 2314 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira wa jiko la gesi nao ubadilishwe bila ya majadiliano, na matundu ya hewa yahakikishwe kuwa wazi, kwa sababu watu watalala humo.

Pili, kukagua kabla ya kupanga. Lala chini ya gari ukiwa na tochi na bisibisi. Choma boriti za chuma taratibu. Palipo pazima hapaingii, palipooza patabonyea. Gonga mabati kwa kifundo cha kidole karibu na sakafu. Tafuta unga mweupe, uvimbe chini ya rangi, na ribiti zilizozungukwa na weusi, maana weusi huo ni dalili kuwa ribiti inacheza. Kisha inua kipande cha sakafu katika kila kona nne. Piga picha kwa simu na uziweke katika jalada la gari.

Tatu, jaribio la maji. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie maji nje kwa mpira. Anzeni chini, mpande polepole hadi kwenye paa, mkisimama dakika chache kila mahali. Mkianza juu, maji yatashuka kila upande na hamtajua tundu lipo wapi. Kila panapovuja pawekwe alama kwa chaki.

Nne, kufungua. Ribiti iliyolegea huondolewa kwa kutoboa kichwa chake kwa drili, kwa msumari wa drili wenye unene sawa na ribiti, kisha shina husukumwa nje. Fundi asiye na subira hutanua tundu, na tundu lililotanuka halishiki ribiti mpya ya kipimo kile kile. Sakafu iliyooza itolewe yote mpaka kufikia mbao nzima. Hapa ndipo ukweli wa gari utakapoonekana, na ndipo makisio ya gharama yanapoweza kuandikwa kwa haki.

Tano, kutenganisha metali. Chuma kisuguliwe kutu yote, kipakwe rangi ya msingi yenye fosfeti ya zinki, kisha rangi ya juu. Upande wa alumini nao upakwe pale utakapogusana na chuma. Rangi ya zamani ya risasi, ile nyekundu, isiguse alumini, kwani huidhuru, na vumbi lake ni sumu kwa fundi. Katikati ya metali hizo mbili itiwe mpira mwembamba au utepe usiopitisha maji, na bolti zivikwe washa za plastiki. Asiwepo fundi wa kusema, "Rangi pekee inatosha." Rangi hukwaruzwa; mpira hubaki.

Sita, kufunga. Ribiti mpya ziwe za alumini. Ribiti za kuvuta zipo za namna nyingi, na nyingi zina msumari wa chuma katikati yake. Hizo zikiachwa ukutani hushika kutu kwa ndani. Zitafutwe zenye msumari wa alumini. Ribiti za kupigwa kwa nyundo ni imara zaidi, lakini huhitaji watu wawili: mmoja apige nje, mwingine ashike chuma kizito kwa ndani.

Saba, kuziba. Maungio yote yasafishwe dawa ya zamani mpaka metali ionekane, kisha itiwe dawa inayobaki laini kama mpira, kwa sababu ya kule kutanuka tulikokueleza. Silikoni yenye harufu ya siki haifai: siki yake huila metali, na mahali ilipopakwa hakuna dawa wala rangi nyingine itakayoshika baadaye. Dawa ya poliurethani hufaa zaidi. Dawa ikikauka, jaribio la maji lirudiwe. Mpaka hapo palipowekwa chaki pasipovuja tena, hakuna haja ya kuzungumza habari ya kung'arisha.

KUNG'ARISHA

Sasa gari ni zima, na mng'ao unaruhusiwa. Lakini hapa pia panahitaji hekima.

Magari mengi ya aina hii yalipakwa vanishi angavu kiwandani. Vanishi hiyo ikizeeka hupasuka, na chini yake hutokea mistari myembamba kama njia za mchwa, ambayo ni alumini inayoliwa chini ya ngozi ya vanishi. Iondolewe yote kwa dawa ya kuondolea rangi isiyo na kostiki soda, fundi akiwa amevaa glavu na miwani, mahali penye hewa. Kisha gari lioshwe kwa maji mengi na sabuni ya kawaida, kwa kuwa chembe moja ya mchanga ikibaki chini ya kitambaa huchora mstari mrefu.

Anza na mraba mdogo mahali pasipoonekana sana. Paka polishi ya kukata, sugua kwa mashine yenye kitambaa cha manyoya, kwa mwendo wa wastani, mashine isisimame mahali pamoja. Bati ni jembamba; likipata joto upande mmoja hujikunja, na mkunjo huo haurudi. Vichwa vya ribiti visuguliwe kwa mkono. Ukiridhika na mraba huo, endelea bati moja baada ya jingine, kisha rudia kwa polishi laini zaidi, na kila mara ubadilishe kitambaa; cha polishi ya kwanza kisitumike kwa ya pili. Kazi ifanyike kivulini, maana juani polishi hukauka kabla haijafanya kazi yake.

Yapo makosa mawili niliyoyaona. La kwanza ni kutumia stilwaya ya kusugulia masufuria. Nyuzi zake za chuma hukatika na kukwama katika alumini, hushika kutu, na kila uzi huanzisha ile betri tuliyoieleza. La pili ni kutumia jiwe moja la kusagia kwa chuma na kwa alumini. Vumbi la alumini likichanganyika na kutu ya chuma huweza kuwaka moto mkali sana likipata cheche. Vifaa vya alumini viwe mbali na vya chuma, na vumbi lifagiliwe kila jioni.

Tena, angalieni kitambaa wakati wa kusugua. Hugeuka cheusi hata kama bati lilikuwa safi. Weusi huo si uchafu. Ni alumini yenyewe inayotoka. Baadhi ya mabati, hasa ya aina itumikayo kwa ndege, yana ngozi nyembamba ya alumini safi juu ya kiini cha mchanganyiko mgumu. Ngozi ndiyo ing'aayo na ndiyo ikingayo. Anayesugua kwa msasa kila mwaka ili gari lipendeze siku ya mkutano mkuu hula ngozi hiyo, na ikiisha hairudi. Makatibu wataelewa nikisema hivi: huko ni kugawana akiba ya chama na kuiita faida.

Gari lililokwisha kung'arishwa vizuri lioshwe kwa sabuni na maji, lipakwe nta, na liegeshwe mahali pakavu. Chini ya mwembe si mahali pakavu: majani huziba njia za maji, na utomvu pamoja na kinyesi cha ndege hula mng'ao.

FEDHA ZA WANACHAMA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa uzoefu wangu, ninashauri mambo manne.

Moja, halmashauri iidhinishe kwanza fedha ndogo za ukaguzi na ufunguzi tu. Makisio yanayoandikwa kabla ya kuinua sakafu ni ubashiri. Baada ya ufunguzi ndipo fundi alete makisio kamili, na ndipo halmashauri iulize swali gumu: je, gari hili linastahili? Wanunuzi wa vyuma chakavu huipenda alumini kwa kuwa kuiyeyusha upya huhitaji karibu asilimia 5 tu ya nishati ya kuitengeneza mpya. Kuna wakati kuliuza kwa mizani ni uamuzi wa busara, na si aibu.

Mbili, malipo yafuate hatua nilizozitaja, si siku. Fundi alipwe sakafu ikikamilika, alipwe jaribio la maji likifaulu, na sehemu ya mwisho ibaki mpaka gari lipite mvua moja nzuri. Kung'arisha kuandikwe katika fungu lake peke yake, ili wanachama waone bei ya uzuri na bei ya uzima mbali mbali.

Tatu, kila kitu kilichobadilishwa kiandikwe katika daftari la gari: tarehe, mahali, aina ya ribiti, aina ya rangi. Fundi wa leo hatakuwapo miaka kumi ijayo, na atakayekuja hataona ndani ya ukuta.

Nne, vitabu vya hesabu visisafiri bila nakala, hata gari liwe zuri namna gani. Wakulima wale walilipwa kwa sababu walitunza vipande vyao vya karatasi kuliko sisi tulivyotunza kabati letu.

Gari la chama kile lilifunguliwa upya. Boriti mbili za nyuma zilikatwa na kuwekwa mpya, sakafu yote ikabadilishwa, na kila mahali penye chuma na alumini pakatiwa mpira. Kazi hiyo ilikula fedha nyingi kuliko zile za mwanzo, na gari lilipotoka halikung'aa. Halmashauri ilikataa kutoa hata shilingi moja ya polishi mpaka msimu uliofuata. Makarani wamelala humo misimu miwili bila ya kulowa.

Katika mkutano mkuu uliofuata nilisimama na kusoma taarifa yangu ya mwanzo, kisha nikasoma masahihisho yake. Mwanachama mmoja aliuliza nani atarudisha fedha za mng'ao wa kwanza. Hapakuwa na mtu wa kumjibu, nami sikuwa na jibu. Swali lake limeandikwa katika kumbukumbu za mkutano, na ni haki libaki humo.

Tangu siku hiyo, kila ninapofika chamani na kuonyeshwa gari linalong'aa, huomba kwanza mkeka, tochi na bisibisi. Ndugu Makatibu, nanyi msione haya kulala chini mbele ya wanachama.